Herufi Mbili Tu

Haya, nimeona. Klipu mmeshatumiwa na mchambuzi wangu, tena na maneno yake juu: "Mkongwe kajianika hewani, kalia." Sasa nisikilizeni na mimi, maana chumvi kaimwaga kopo zima. Sikulia. Lile lilikuwa jasho.

Miaka 22 nimeshika maiki bila mtu kujua mimi ni Simba au Yanga. Ile 5-0 ya Simba, Mei 2012, niliisimulia kama natangaza maji ya bomba yatakatika. Novemba 2023 Yanga walipomtandika mtani wao 5-1, sauti ileile. Kwangu hakuna shuka jekundu wala taulo la kijani. Wanangu wakiniuliza, nawajibu baba ni wa Taifa Stars.

Na wala haikuwa derby! Derby ningejichunga. Mechi ya kawaida tu, kwa Mkapa, timu moja ya Kariakoo (sitaji, mtanisamehe) na wageni kutoka mkoani. 0-0, dakika ya 89, nimeshika kikombe cha chai.

Kona. Mpira ukapinda, ukampita kipa. Mtu akauparaza kwa kichwa, ukagonga mtambaa panya, ukashuka taratibu kama embe lililochoka mti. Hapo nikahisi miguu yangu inasimama bila kuniomba ruhusa. Waya wa hedifoni ukanikaba. Straika akausindikiza kwa goti. Nyavu zikatikisika. Mtangazaji mwenye akili zake anasema "wamefunga". Mimi?

"TUMEFUNGAAAAA!"

Hiyo "aaa" ndiyo iliyonimaliza, wapendwa. Katikati yake ndipo nilipoisikia ile "tu". Kuirudisha siwezi, kunyamaza naogopa, basi nikazidi kuivuta huku natafuta pa kutokea. Pumzi ikakata. Nchi nzima ikanisikia nameza mate. Nikajaribu kuokoa jahazi:

"Tumefunga... safari, mtazamaji! Tumefunga safari ndefu mpaka dakika hii ya 89..."

Nani anafunga safari kwa ukelele ule? Msinijibu. Chai ilikuwa mapajani kwa mchambuzi, naye badala ya kunifukia aibu anakwikwika kwa kicheko, maiki yake ikiwa wazi.

Kisha kamera ikahamia pembeni. Kibendera kiko juu. Goti la straika lilikuwa limeotea.

Kwa hiyo siri ya miaka 22 nimeitoa kwa bao ambalo halipo.

Bosi kaniita, nimeomba radhi, yamekwisha. Konda wa daladala jana kakataa nauli yangu. Wa leo kanishusha kituo kimoja kabla. Mke wangu, ambaye ni wa upande wa pili na siku zote alijua tuko wote, tangu juzi ananijibu "mmh".

Jumamosi narudi hewani. Nimepita studio kuchungulia, nikakuta fundi mitambo, kijana mwenye adabu zake, kabandika kikaratasi kwenye maiki yangu: "Shikamoo mzee. WA."