Bambi, nipe ko maji

Binti yangu ana miaka mitano. Akishikwa na kiu husema, "Mama, bambi, nipe ko maji." Bambi ni ya Kiganda, neno la kuomba huruma, utalisikia Kampala nzima kuanzia kwa kondakta wa taksi hadi kwa nesi wa kliniki. Ko ni ya kwetu Goma, kijineno tunachokitia kwenye ombi ili lisisikike kama amri. Yaliyobaki ni Kiswahili cha kila mtu. Hakuna aliyemfundisha kuyaunganisha. Yamekutana kinywani mwake, na kwake hiyo ni lugha moja.

Watu huniuliza, wengine kwa upendo kabisa, mtoto huyu atakuwa Mkongomani au atakuwa wa hapa. Kila nikiulizwa, moyo unaniuma kidogo, maana swali linadhani kwamba mtu akihama huwa anabeba kitu kilichokamilika, na nchi anayoikuta nayo imekamilika, kazi ni kuchagua tu. Maisha yangu Kampala yamenionyesha vingine. Sisi tumebadilika, na mji huu nao tumeubadilisha. Ninao ushahidi, na ushahidi wenyewe ni Kiswahili.

Niliingia Uganda mwaka 2008 nikiwa na miaka kumi, kupitia mpaka wa Bunagana, nimeshika pindo la kitenge cha mama. Wengi tuliokuwa nao njiani walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, wakapewa kipande cha ardhi cha kulima. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa vitenge tangu usichana wake na jembe hakulijua, akachagua Kampala, akijua wazi kwamba anayechagua mji hapati mgao wa chakula na kodi ya nyumba ni shauri lake. Tukapanga chumba kimoja Katwe.

Wiki ile ya kwanza mama alirudi usiku, mikono imejaa mizigo, akanigongea. "Fungua! Fungua mlango!" Nilimfungulia. Asubuhi tukagundua kwamba jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee mmoja ambaye kila mtu pale alimwita Jjajja, yaani bibi kwa Kiganda, alikuwa amelala chini ya kitanda. Haikuwa rahisi kuelewa, kwa sababu hatukuwa na lugha ya pamoja. Ilichukua miezi, hadi Kiganda changu cha mitaani kilipokuwa cha kutosha, ndipo akanieleza. Maneno yale mawili aliwahi kuyasikia mlangoni kwake usiku, zamani, kutoka kwa askari. Walimchukua kaka yake. Hakurudi.

Kwangu "fungua mlango" ni mama amerudi na mkate. Kwake ni siku nyumba yake ilipovunjika.

Tangu hapo nilianza kuuliza wazee na kusoma, kwa nini watoto shuleni waliniambia lugha yangu ni ya wezi. Kiswahili kilifika Buganda na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, karne ya 19, na Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa huko, alikijua. Mwaka 1927 gavana William Gowers alitaka kipewe nafasi kubwa mashuleni, na Kabaka Daudi Chwa akapinga, akiona Kiganda kitamezwa. Sitamlaumu. Mtu anayelinda lugha ya mama yake namwelewa vizuri sana. Wakati huohuo kwenye jeshi la kikoloni Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri, na baada ya uhuru jeshi likaendelea nacho. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Mwaka 1979 Watanzania waliomwondoa walikuja nacho pia, na kwenye vizuizi vya barabarani vya miaka iliyofuata raia aliambiwa atoe kitambulisho kwa Kiswahili. (West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, wana hadithi nyingine, huko Kiswahili ni cha sokoni na nyumbani. Nasema ya Kampala ninayoijua.)

Kwa hiyo watu wengi wa mji huu walikisikia Kiswahili kutoka kwa mwanaume mwenye bunduki kwa muda mrefu sana. Hawakukisikia kikimbembeleza mtoto.

Tukaja sisi. Wanawake wenye vitenge begani wanaotembea mlango kwa mlango, Nsambya, Makindye, Najjanankumbi. Wasusi wanaosuka huku wakisimulia habari za Bukavu. Makanisa ya vyumba vya kukodi ambako Jumapili wimbo unaanza kwa Kilingala, mahubiri yanakuja kwa Kiswahili, na mfasiri wa Kiganda anasimama pembeni kwa ajili ya majirani waliovutwa na ngoma. Akina mama wanaoita watoto wao jioni. Hatukuwa na mpango wa kutakasa lugha ya mtu. Tulikuwa tunatafuta kula. Lakini masikio ya mtaa yalianza kusikia kitu kipya ndani ya maneno yaleyale. Mwaka wa tatu hivi, mama alipochelewa, Jjajja mwenyewe alinigongea ukuta akaniambia nikafungue, mama yako anaita.

Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ulikifanya somo la lazima madarasa ya chini, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha tena kitumike rasmi, kwa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Haya yote nayapokea kwa mikono miwili. Ila naamini, na nitalisema bila kigugumizi, kwamba hakuna tangazo lililomtoa Jjajja chini ya kitanda. Alitolewa na jirani.

Mtaala ule wa 2020 ulinigusa kwa njia ambayo sikuitarajia. Wazazi walianza kutafuta walimu wa tuisheni, nami nikajitokeza, nikidhani nina mtaji tayari. Nilipofungua kitabu nilikuta "nina njaa". Sisi nyumbani husema "niko na njaa". Nilikuta "shikamoo", neno ambalo sikuwahi kumwambia bibi yangu hata siku moja. Mwalimu mmoja wa shule jirani aliniambia usoni kwamba ninachosema si Kiswahili. Nilirudi nyumbani nikalia, kwa sababu lugha iliyonifanya nichekwe kama mgeni Kampala, sasa niliambiwa si yangu. Kisha nikakaa chini nikajifunza. Leo nafundisha Kiswahili cha kitabu, nyumbani naongea cha mama, na kile cha kitabu nimekipatia Uganda. Nikienda Goma leo, binamu zangu watasema naongea kama redio. Sasa hapo nani ataniambia kipi kilikuwa cha kwetu na kipi cha ugenini?

Wazazi wenzangu Wakongomani, kuna jambo linanisumbua kwetu sisi pia. Wapo wanaowapiga marufuku watoto kusema Kiganda ndani ya nyumba, kwa hofu kwamba watasahau walikotoka. Hofu naielewa, lakini mtoto anayekatazwa lugha ya wenzake anakatazwa wenzake. Mimi nilivuka ule ukuta wa Katwe kwa Kiganda kibovu. Nisingeuvuka, hadi leo ningedhani Jjajja alikuwa na chuki.

Upande wa pili una hatari yake. Buganda ina utaratibu wa koo ambao ni mzuri sana, kila mtu ana kika chake na mwiko wake, na mara tu mkisalimiana utaulizwa, "Oli wa kika ki?", yaani wewe ni wa ukoo gani. Enzi za ukoloni, Wanyarwanda na Warundi wengi waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya pamba na kahawa walijibu swali hilo kwa kuchukua jina la Kiganda na kuingia kwenye ukoo. Wakapata ardhi, wakaoa, wakazika. Wengine hawakuwaambia wajukuu wao walikotoka babu zao. Sitaki kuwahukumu, walifanya kilichowapa amani. Ila sitaki binti yangu alipe bei hiyo, afiche jina la bibi yake ili akubalike.

Na sheria ndiyo inayoniweka macho usiku. Uganda imenipokea, nalisema kwa shukrani ya kweli. Ni nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko yoyote Afrika, zaidi ya milioni 1.5, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Nchi tajiri kuliko hii zimejenga kuta. Lakini mlango wa kuingia na mlango wa kuwa mwenyeji ni milango miwili. Katiba ya mwaka 1995 inahesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa, sasa ni 65. Wanubi wa Bombo wamo, ambao wazee wao walikuja kama askari kutoka Sudan mwishoni mwa karne ya 19. Bakonzo wamo, ambao ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, kule Beni na Butembo nchini Kongo, wanaitwa Wanande, na akina mama wao wanaelewana bila mkalimani. Nafurahi wamo wote. Ninachouliza ni kwa nini aliyefika kabla ya 1926 awe mwenyeji, na mtoto aliyezaliwa katika hospitali ya Kampala, ambaye neno lake la kwanza la adabu lilikuwa "webale", yaani asante, abaki mkimbizi kwa kurithi.

Majirani zangu Waganda wana hoja zao na sizipuuzi. Shule zimejaa, ardhi ya Isingiro, wilaya yenye makazi ya wakimbizi, inabanwa, dawa kwenye vituo hazitoshi. Ni kweli, na wanaobanwa kwanza ni maskini wa hapa, si waliotunga sera. Lakini binti yangu hatapunguza msongamano wa darasa kwa kuitwa mgeni. Atakaa kwenye benchi lilelile. Tofauti ni kwamba akikua hataweza kupiga kura kuhusu benchi hilo. Ningependa Bunge likae na tarehe ile ya 1926 na kuongeza mstari mmoja tu: aliyezaliwa hapa na kukulia hapa ni wa hapa.

Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2015 kwamba mkimbizi hazuiliwi kuomba uraia wa tajnisi. Sheria inataka miaka 20 ya kuishi nchini. Mwaka 2028 nitaitimiza. Nimeanza kuweka karatasi zetu zote kwenye bahasha moja ya kaki: kadi ya familia, barua za mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, ripoti zangu za shule, kadi ya chanjo ya mtoto, risiti za kodi za chumba kile cha Katwe ambazo mama alizitunza zote ndani ya Biblia.

Juzi nilimweleza Jjajja kuhusu bahasha hiyo. Siku hizi haoni vizuri, akanishika mkono akaniuliza kama watataka mtu wa kuthibitisha kwamba tumeishi hapa. Nikamwambia huenda. Akasema atakuja, niitishe bodaboda tu. Halafu binti yangu akapita mlangoni, na Jjajja akamwita kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayepima maji kwa mguu: "Njoo. Fungua mlango, jua liingie."