Mkono wa Admini: Ukaze Wapi, Ulegee Wapi

Swali la nani anyamazishwe na nani aachwe aseme ndani ya kundi la WhatsApp la mashabiki wa soka huonekana dogo mpaka siku timu inapofungwa mabao matano. Wana Simba wanalijua hilo tangu jioni ya tarehe 5 Novemba 2023, walipolala 5-1 mbele ya Yanga kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wana Yanga nao walionja kipigo cha 5-0 tarehe 6 Mei 2012, ingawa wakati ule WhatsApp haikuwa imeenea kama sasa na machungu mengi yaliishia vijiweni. Usiku wa kipigo cha namna hiyo, kundi lenye mamia ya watu hupokea ujumbe kwa kasi isiyosomeka: kipa ameuza mechi, kocha hajui kazi, fulani arudishwe kwao, mama yake fulani hivi na vile. Admini, yaani msimamizi wa kundi, ambaye naye ni shabiki mwenye donge lake kooni, ndiye anayetakiwa kuamua kipi kifutwe na nani atolewe.

Wapo wanaoamini kwamba asifute chochote. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na kwa karibu miaka 90 mashabiki wa pande hizi mbili wameishi kwa kutaniana. Utopolo, Makolo, Vyura, Mikia: majina haya yote ni ya kejeli, na mashabiki wanayatumia kila siku bila mtu kuhesabu kuwa ametukanwa. Atakayefuta kila ujumbe wenye jina la aina hiyo atabaki na kundi la ratiba za mechi na salamu za asubuhi. Wanasema pia, na hapa nakubaliana nao kabisa, kwamba hasira ya shabiki ni njia mojawapo ya kuisimamia klabu. Siku mbili baada ya kipigo cha 2023 Simba iliachana na kocha wake, Mbrazil Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho. Admini yeyote aliyewatoa watu Jumapili usiku kwa kosa la kutaka kocha afukuzwe, Jumanne alilazimika kuwasambazia waliobaki taarifa ya klabu yenye uamuzi uleule.

Hata hivyo, watetezi wa utani hupenda kusahau masharti yake. Utani wa makabila, ambao soka la Kariakoo, mtaa wa Simba na Yanga jijini Dar es Salaam, limeazima jina na tabia yake, uliruhusu maneno makali kwa sababu watani walijuana na walikuwa na wajibu kati yao. Mtani aliyekuja kukucheka msibani ndiye aliyeshika jembe la kuchimba kaburi na ndiye aliyesimamia chakula cha waombolezaji. Katika kundi la watu 800, wengi wao wakiwa wameweka picha za wachezaji badala ya sura zao, anayekutukana hana wajibu wowote kwako, na kesho hamtakutana popote. Kuuita ukali huo utani wa jadi ni kuchukua ruhusa na kuuacha wajibu.

Ndiyo sababu upande wa pili unataka mkono mzito, na hoja yake yenye nguvu zaidi ni ya watu wasiosikika. Mwenye matusi huonekana kwa sababu anaandika sana, lakini anayechoka naye huondoka bila kuaga, na admini anaona tu mstari mdogo wa kijivu unaosema fulani ametoka. Mwanamke anauliza kwa nini kiungo fulani hakuanza, jambo ambalo wenzake wamelijadili tangu mchana, naye anajibiwa kwa maneno kuhusu jiko au umbo lake. Asipojibu, wanasema soka limemshinda. Akijibu, wanasema hajui utani. Baada ya mara mbili tatu za namna hiyo hutamsikia tena, na kundi litaendelea kujisifu kwamba kila mtu yuko huru kusema. Uhuru usiosimamiwa nao huwanyamazisha watu, isipokuwa hakuna anayewajibika kwa kuwanyamazisha.

Baadhi ya watu hudhani dawa ni kila mwanachama kutumia jina lake halisi. Sina imani na dawa hiyo. Baada ya fainali ya mataifa ya Ulaya iliyochezwa Wembley tarehe 11 Julai 2021, wachezaji wa England Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka walitukanwa kwa rangi yao kwa sababu ya penalti walizokosa dhidi ya Italia. Twitter ilipochunguza akaunti ilizozifungia kabisa, ilieleza mwezi Agosti mwaka huohuo kwamba asilimia 99 ya wamiliki wake walikuwa wakitambulika. Kwetu ushahidi uko karibu zaidi: katika WhatsApp kwa kawaida namba ya simu ya kila mwanachama inaonekana, tena namba iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na matusi yanaandikwa vilevile. Shabiki aliyekasirika hajifichi. Anataka aonekane.

Ugumu mwingine unatokana na chombo chenyewe, na nashangaa kwamba hautajwi mara nyingi. WhatsApp inaruhusu kundi la watu hadi 1,024, na tangu mwaka 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, lakini hana njia ya kumnyamazisha mtu mmoja kwa siku moja huku akiendelea kuwa ndani na kusoma. Anaweza kumtoa, au kulifunga kundi zima ili maadmini peke yao waandike. Telegram ina kizuizi cha muda kwa mtu mmoja, na inaweza hata kumlazimisha kila mwanachama asubiri kidogo kabla ya kuandika tena. Makundi ya Facebook nayo yanaweza kumsimamisha mtu kwa siku kadhaa. Pale ambapo adhabu ya kati haipo, kosa dogo na kosa kubwa huishia mahali pamoja: aliyesema beki wetu amenenepa anatolewa sawasawa na aliyesambaza namba ya simu ya mke wa mchezaji. Kulifunga kundi kwa saa moja au mbili baada ya mechi, jambo ambalo wengi wanalidharau kama woga, kwangu ndilo lenye haki zaidi, kwa sababu linamgusa kila mmoja na watu wanaamka asubuhi bila aliyefukuzwa. Hasara yake ni kwamba linamnyima shabiki saa ileile ambayo kwa ajili yake alijiunga.

Sheria nayo imewaongezea maadmini hofu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayogusa taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni. Nchini Kenya, kuelekea uchaguzi wa 2017, mamlaka ziliwaonya maadmini wa makundi kwamba wangeweza kubebeshwa lawama za maneno ya chuki yanayosambazwa humo. Onyo hilo si geni kwa soka la huko, maana klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zilizaliwa katika jamii za Waluo na Waluhya, na ni hatua fupi tu kutoka kuikejeli timu hadi kulikejeli kabila. Mahakama Kuu za Bombay na Kerala nchini India, mwaka 2021 na 2022, ziliona kwamba admini hawezi kuadhibiwa kwa sababu tu mwanachama ameandika kosa. Naona msimamo huo ni wa haki zaidi. Admini anayeogopa kesi hufuta kila kitu kinachonuka ubishi, na mtu wa kujitolea, anayelipa kifurushi cha intaneti mwenyewe, hawezi kufanywa polisi wa watu elfu moja.

Lakini hofu ya sheria haielezi kila kitu. Kosa ninaloliona zaidi katika usimamizi wa makundi haya ni upendeleo kuliko ukali. Baadhi ya maadmini wako karibu na viongozi wa matawi, au wanatamani kuwa karibu nao, na neno uchochezi limegeuka kuwa jina la swali lolote kuhusu fedha za usajili. Anayemtukana mchezaji wa timu pinzani kwa maneno ya aibu anaachwa, kwa kuwa ni wa kwetu. Anayeuliza kwa heshima mkataba wa mdhamini unasemaje anatolewa kabla ya saa sita usiku. Wengine wanauza mikeka, yaani orodha za utabiri wa mechi za kubetia, humohumo ndani, na mwanachama anayesema kwamba mkeka wa jana ulichanika anajikuta nje. Kanuni za kundi zinaweza kuwa nzuri kabisa kwenye maelezo yake na bado zikatumika hivi.

Kwa hiyo mimi ningependa mkono wa admini ukaze katika mambo machache sana. La kwanza ni familia, mwili, kabila na uraia wa mtu, awe mchezaji au mwanachama mwenzetu: hapo ujumbe ufutwe bila mjadala. La pili ni uvumi unaoweza kumwingiza mtu hasarani. Derby, yaani mechi ya Simba na Yanga, ya tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa na Bodi ya Ligi siku yenyewe ya mechi, baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo na kutangaza kuwa haitacheza. Ilichezwa hatimaye tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0. Mtu aliyekuwa ndani ya basi kutoka mkoani asubuhi ile alihitaji kujua jambo moja tu, kama mechi ipo au haipo, na ujumbe wa kutunga wakati kama huo unaweza kumgharimu nauli na kiingilio. Nje ya hayo mawili mkono ulegee, hata pale ambapo maneno yanakera, na hasa yanapowalenga viongozi.

Namna ya kutoa adhabu ina uzito kuliko orodha ya makosa. Aliyetolewa aambiwe sababu na aambiwe siku ya kurudi, kwa kuwa WhatsApp haina kifungo cha muda na admini anaweza kukitengeneza kwa neno lake tu: nje leo, ndani Jumapili. Aliyetukanwa asiwe mwamuzi wa kesi yake, hata akiwa ndiye mwanzilishi wa kundi. Katika makundi yenye watu wa timu zote mbili, admini mmoja atoke Msimbazi kwa Simba na mwingine Jangwani kwa Yanga, na asitolewe mtu wa upande mmoja mpaka admini wa upande wake aridhie. Hakuna kitufe cha kulazimisha hilo. Yatakuwa makubaliano ya mdomo, na pengine yatavunjwa derby ya kwanza yenye penalti ya utata, ila aliyeyavunja atajulikana kwa jina na kila mwanachama atakuwa ameona alichofanya.