Mzaliwa wa Ng'ambo, ng'ambo kaumbuka

Jumamosi iliyopita niliumbuliwa na dereva wa basi.

Nilikuwa ukumbi wa Lyceum, hapa London, kuangalia The Lion King, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo uliotokana na filamu ya katuni. Tiketi nilipewa na mwenzangu wa kazini ambaye mwanawe aliugua. Mchezo huo uko hapo tangu 1999, na New York ulianza 1997. Wakati wa mapumziko, mama mmoja wa makamo aliyekaa jirani yangu akasikia natoka Tanzania. Nikajua kinachokuja: "Hakuna matata ni nini?" Nimeulizwa hilo mpaka nimechoka. Tabora ukilisema watu watakuuliza unafanya kazi hoteli gani. Sisi kwetu ni "hamna shida", basi. Nikamuwahi. Majina ya wahusika ni Kiswahili, nikamwambia: Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Pumbaa ni mtu aliyepumbaa, ila ule wito wa mwanzo unaowasimamisha nywele si Kiswahili. Ni Kizulu.

"Najua," akasema. "Kazi ya Lebo M, yule mwanamuziki wa Afrika Kusini. Mimi nilitaka tuzungumze habari za Rafiki."

Yule mama anaendesha basi la usiku, lakini darasa alilonipa! Kwenye filamu ya 1994 Rafiki, yule nyani mganga, ni mwanamume, jukwaani ni mwanamke. Kwenye rekodi ya New York ya 1997 kaimba Tsidii Le Loka, na kila Rafiki aliyekuja baadaye yeye humpima kwa sauti ile. Je, nimegundua kwamba wimbo wa Zazu, yule ndege wa mfalme, wa taarifa ya asubuhi haupo? Kwenye rekodi upo. New York waliukata jukwaani mwaka 2010, na bado ana kinyongo. Mimi nilichogundua ni bei ya aiskrimu.

"Na kwenu je, mnasikiliza nini?"

Hapo nikavimba. Nikamtajia bendi zetu za zamani: Tabora Jazz, wana Segere Matata, ndio mtindo wao (matata hayo sasa ndiyo tunayatambua). Kiko Kids. Nyanyembe Jazz. Mji mmoja ule ule, mama! Nikafungua simu nikampigia "Dada Asha" ya Tabora Jazz. Akafumba macho, kichwa kinakwenda taratibu, mimi roho kwatu. Kisha akafumbua: "Huyu anayepiga gitaa la solo ni nani?"

Shem Karenga mtunzi namjua, nani hamjui. Lakini solo? Nimezaliwa Ng'ambo, Tabora, wimbo huo nimeukuta harusini na nimeuacha harusini, na sijui. Kengele ikalia tukarudi ndani. Ilikuwa bahati yangu.

Sasa nawasikia mnavyoanza. "Huyu kala mkate wa Wazungu miaka saba, anatuletea maswali." "Watu wanatafuta unga, yeye anatafuta mpiga solo." Kwanza unga natuma mimi, kwa hiyo bei yake naijua. Pili, yule mama naye ana kodi ya nyumba inayomtoa jasho na zamu za kukesha, na bado anajua nani kaimba nini, mwaka gani, na kipi kilikatwa. Sisi tunajua mshahara wa winga wa Simba na Yanga mpaka senti, kwa hiyo msiniambie kichwa kimejaa.

Wala sisemi wao ni bora. Mchezo wenyewe wamekopa majina kwetu na sauti Afrika Kusini, na tiketi hatuimudu. Ila walichokopa wamekiandika. Sisi cha kwetu tunakipandisha intaneti kwa jina la "zilipendwa mchanganyiko", picha ya machweo juu yake, jina la mpigaji hakuna. Kanda zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) tunazililia kama marehemu, halafu wazee waliokuwa wanazicheza nyimbo zake wako barazani pale Isevya, Tabora, na hakuna anayewauliza.

Haya, na mimi sikuuliza. Nimemaliza kujitetea.

Jana nikampigia mjomba. Akacheka kwanza, akaniuliza kama nimeshaoa. Kisha akalitaja jina moja, kwa uhakika kabisa. Nyuma yake nikasikia sauti ya mzee mwenzake: "Muongo huyo! Huyo alikuwa ridhimu!" Wa tatu akaingilia kwamba siku ile ya kurekodi yeye alikuwepo, na gitaa lilikuwa la kuazima. Salio likaisha wakiwa bado wanagombana.

Namba ya yule mama ninayo. Nimemwandikia kwamba tunalifanyia kazi.