Siku pango la Amboni liliponibana, nikaungama mbele ya darasa la pili

Yote yalianza na penseli. Mnaofundisha madarasa ya chini mtanielewa, darasa la pili penseli haipotei, inahama. Mtoto anakuja asubuhi na penseli mpya ina ufutio mwekundu kichwani, saa nne ishakuwa nusu, saa sita iko kwenye mfuko wa mwenzake imetafunwa mpaka haishikiki, na ukiuliza nani kaichukua watoto 38 wote wanakutolea macho kama malaika. Nimebembeleza, nimekaripia, nimewaita wazazi, wapi.

Sasa mwaka huu shule ikapanga ziara, tunawapeleka wa darasa la kwanza na la pili Mapango ya Amboni, kwa awamu, darasa langu ndo la mwanzo. Alhamisi, siku moja kabla, akili yangu ikanituma ujinga. Nikasimama mbele nikashusha sauti kabisa, nikawaambia wanangu, kesho tunaenda pangoni, mle ndani kuna mahali pembamba mtu anapita kwa kujipenyeza, na pale pango linabana wezi na waongo. Ukishabanwa halikuachii mpaka useme ukweli wote.

Darasa kimyaaa. Nzi akipita unamsikia. Jioni nakusanya madaftari nikakuta mezani penseli tatu, kichongeo kimoja, na kandambili ya mguu wa kushoto ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia imepotea. Nikajiona profesa. Nikaenda zangu nyumbani natembea kwa maringo.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu mwili wangu. Sio bonge, hapana, ni mwili wa kawaida tu wa mtu anayekunywa chai ya maziwa na chapati mbili saa nne, ila kitumbo kipo na kina tabia ya kunitangulia mlangoni. Hilo wakati natunga ile hadithi yangu sikulifikiria kabisa.

Ijumaa tukapanda Coaster. Amboni sio mbali, ni kama kilomita 8 tu kutoka Tanga mjini, unashika barabara ya Horohoro inayoenda Mombasa halafu unaingia ndani kijiji cha Kiomoni. Lakini ukiwa na watoto wa miaka saba nane kilomita 8 ni safari ya Kigoma. Mmoja anataka kukojoa, mwingine keshakula chakula chake chote kabla hatujatoka mjini, na kuna mmoja, huyu nitamuita Mbunge maana hamalizi swali moja bila la nyongeza, kila tukipita bango anauliza kama tushafika Mombasa. Bibi yake kamwambia pango linatokea Mombasa. Hiyo hadithi Tanga kila mtu anaijua, wengine wanakwambia linatokea mpaka Kilimanjaro, kuna wazungu waliingia na mbwa wao hawakuonekana tena, mbwa ndo akaja kuokotwa huko. Ukweli ni kwamba waliyapima mwaka 1994, wataalamu wa Kijerumani na Kituruki, wakakuta pango refu kuliko yote ni kama mita 900. Nikamwambia Mbunge hivyo. Akanijibu, "Sasa ticha, nani mkubwa, hao wazungu au bibi?" Nikaangalia dirishani.

Tulikuwa watu wazima watatu, mimi, Mwalimu Mkuu, na mama mmoja mzazi aliyejitolea kubeba sambusa na juisi ya ukwaju. Mkuu wetu naye ana mwili, tena wake ni wa kazini kweli, suruali anaivalia juu ya kitovu na mkanda unafungwa kwenye tundu alilotoboa mwenyewe kwa msumari.

Pale mlangoni tukapokelewa na kaka muongozaji, kijana mwembamba kama fimbo ya mwanzi, akaanza kutueleza vizuri sana. Kwamba mapango yako kama kumi ila wageni wanatembezwa kwenye moja, kwamba haya mawe ni ya chokaa na umri wake wanakadiria miaka milioni 150, enzi za bahari. Watoto wa darasa la pili wanahesabu mpaka mia tisa tisini na tisa, milioni 150 ukiwaambia ni sawa na kuwaambia juzi. Kwa hiyo nikamsaidia. Nikawauliza, nyumbani kwenu birika la chai mmeliona ndani lina magamba meupe? Ndiyooo. Basi yale magamba ni chokaa imetoka kwenye maji ya kisima, na hapa ni hivyohivyo, mvua inanyesha juu, maji yanapita kwenye udongo yanachanganyika na hewa yanakuwa na ukali kidogo, yanayeyusha jiwe taratibu, ndo hili tundu, halafu yakidondoka ndani yanaacha chokaa yake tone kwa tone mpaka linaota jiwe linaning'inia kama ziwa la mbuzi. Wakacheka mpaka basi kwa sababu nimesema ziwa. Lakini wameelewa, mpaka leo ukiwauliza wanakwambia pango ni birika kubwa.

Ndani kukanoga. Kuna jiwe kama mamba, kuna sehemu juu kama nyayo za tembo, kuna kimlima wanakiita Kilimanjaro, watoto wanapiga kelele wanaona na vya kwao, mmoja kaona mwalimu wa hesabu. Kaka akatupitisha Mzimuni watu wanapokuja kuomba na kuacha vitu vyao, marashi, hela za sarafu, hapo nikawashika mikono wawili ambao vidole vyao navijua. Akatueleza pia wakati wa mkoloni, miaka ya 50, Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walikuwa wanajificha humu, polisi wa Mwingereza wanawatafuta. Mbunge akauliza, "Walikuwa wanajisaidia wapi?" Swali zuri tu kwa kweli, kaka wa watu hakuwa na jibu.

Halafu akawaambia wote wazime tochi wasikie giza lilivyo. Sekunde tatu. Ya nne nikasikia "mamaaa" na kitu kikanikumbatia paja, kumbe watoto watano. Popo nao juu wanalia nchi nchi nchi, harufu ya mavi yao unaijua, mmoja akasema hao ndege wananuka, nikamrekebisha, popo sio ndege ni mnyama, anazaa na ananyonyesha. Wakacheka tena. Neno lolote linalohusu ziwa hawa watoto hawawezi.

Sasa tukafika pale.

Mahali penyewe ni mwanya kwenye jiwe, unainama, unaingia ubavu, unajivuta kidogo unatokea chumba cha pili. Kaka akapita kama sindano. Watoto wakapita mmojammoja, na hapa ndo nilipaswa kujua nimeharibu, maana kila mtoto kabla ya kuingia anasimama anafumba macho anatubu. "Nilichukua rula." "Nilimpiga mdogo wangu." Kuna binti mwenye pengo mbele, huyu akasema orodha ndefu mpaka kaka muongozaji akaniangalia kama anauliza hii ni shule gani. Wote 38 wakapita.

Kaka akanichungulia akasema, "Mwalimu, wewe na wakubwa wenzio mnaweza kurudi tulikopita, kuna njia ya kuzunguka." Nikataka kuitikia. Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti ya Mbunge kutoka upande wa pili, taratibu kabisa.

"Ticha hupiti?"

Ningefanyaje? Nikainama nikaingia.

Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa shida. Kifua kikapita. Kitumbo kikafika mlangoni kikagoma. Mimi kwa akili yangu nikavuta pumzi nyiiingi nikaibana, nikijua tumbo litaingia ndani, kumbe ndo najijaza upepo kama mpira. Nikajaribu kwenda mbele, siendi. Kurudi nyuma, sirudi. Shati likapanda likabaki mgongo mtupu juu ya jiwe la baridi lenye maji. Aisee. Huko mbele tochi 38 zikanigeukia usoni kwa pamoja.

Kimya kidogo. Halafu binti wa pengo akasema, hakupiga kelele, alisema tu kama anavyosoma ubaoni:

"Ticha kabanwa."

"Kaiba nini?" mwingine akauliza.

Kaka muongozaji ananiambia mwalimu toa pumzi, toa pumzi, mimi hofu imenishika nimeibana hiyo pumzi kama ada ya shule. Mbunge akaja akachuchumaa usawa wa uso wangu, akaniwekea mkono begani, kama mzee anayeenda kusuluhisha ndoa. "Ticha, wewe sema tu ukweli. Litakuachia."

Nikamwambia mwanangu mimi sina kosa. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Jasho linanitoka, tonge la mavi ya popo limenidondokea shingoni, nikaona isiwe tabu, niwape kadogo waridhike. Nikasema haya, zile goroli nilizowanyang'anya nikasema nimezitupa chooni, sikuzitupa, anachezea mwanangu nyumbani. Wakaguna wote, "Aaaa!" Nikajisukuma. Wapi.

"Bado ipo nyingine," Mbunge akasema.

Nikasema haya jamani, na ile sambusa iliyopotea kwenye hotpoti siku ya michezo, ni mimi, nilikuwa sijala tangu asubuhi. Huko nyuma kwenye miguu yangu nikasikia sauti ya kike: "Kumbe!" Mungu wangu. Mama mwenye sambusa ndo yule yule, ile hotpoti ilikuwa ya mwanae, na alimchapa mtoto kwa kusema uongo. Mwanae akasema kutoka mbele, "Si nilikwambia mama!" Kesi inaendeshwa huku na huku na mimi ndo ukuta wa katikati.

Lakini bado nimebanwa. Ndo binti wa pengo akauliza lile swali.

"Ticha, na ile siku ulisema unaumwa malaria?"

Nyuma yangu, ameshika kiatu changu cha kulia ananisukuma, yuko Mwalimu Mkuu. Niliposikia swali nikasikia na mkono kwenye kiatu umesimama. Haunisukumi tena. Unasikiliza.

Nikawaza. Nikawaza kazi, nikawaza mkopo wangu, nikawaza kulala mle ndani na popo jioni wakitoka wote wanapita juu ya kichwa changu. Nikafumba macho nikaachia yote kwa mkupuo mmoja bila kuvuta hewa, sikuumwa wala nini siku ile ilikuwa dabi ya Simba na Yanga nilienda banda umiza tokea saa nane kuwahi kiti na nikashangilia mpaka sauti ikakauka ndo maana kesho yake mkaniona sina sauti mkanipa pole!

Hewa yote ikaisha mwilini. Kitumbo kikashuka. Nikatoka pale puuu kama sabuni mkononi, nikaangukia magoti mbele ya darasa langu.

Watoto walishangilia! Wanarukaruka, wanapigana viganja, "Limemuachia! Limemuachia!" Kaka muongozaji kajishika tumbo kaegemea jiwe hawezi kuongea. Nikaanza kueleza kwamba jamani ni pumzi tu, nilitoa pumzi nikapungua. Hakuna aliyenisikiliza. Nani atasikiliza habari za pumzi wakati ameona kwa macho yake.

Akafuata yule mama. Kwa haki ni mnene kunishinda, lakini aliambiwa toa pumzi akatoa, akapita kama uzi. Darasa likaitikia, "Mama hajaiba!"

Tukageuza tochi kwenye mwanya. Amebaki Mkuu. Tunaona kipande cha uso wake na ule mkanda. Akauangalia mwanya. Akatuangalia sisi, watoto 38 wamechuchumaa wamenyamaza wanamsubiri kwa hamu. Akakohoa.

"Aah, nimekumbuka, dereva sijampa posho yake, ngoja nimuwahi." Akageuka, tukasikia viatu vyake vinaondoka haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akitembea.

Mbunge akanivuta shati, akaninong'oneza, "Ticha, mkuu kaiba nini?"

Nikasema twendeni tukale.

Nje chini ya mti yule mama akagawa sambusa, kila mtoto moja, mimi akanipa mbili. "Kula baba, shiba kabisa," akasema, na hakucheka. Jumatatu nimeingia darasani mezani kuna penseli 11, rula 4, bahasha ya hela ya mtihani ambayo mzazi alikuwa anasema ameshaleta, na kijiko. Goroli nimerudisha, mwanangu alilia siku mbili. Kuhusu dereva, tulipofika nilimtania vipi posho umepata, akashangaa, akasema mbona alilipwa asubuhi kabla hatujawasha gari. Mkuu mpaka leo hajaniuliza kitu kuhusu malaria. Na mimi sijamuuliza kuhusu posho. Mwezi ujao ni zamu ya darasa la kwanza, kwenye ratiba ameandika kwamba yeye atabaki nje kulinda mabegi.