Nasaba ya akina Saayman: tuanzie kwa babu au kwa bibi?

Mkaburu anayeijua nasaba yake ukimuuliza asili, atakutajia kwanza stamvader, yaani babu aliyeshuka melini. Katika mfumo wa kuandika nasaba wa de Villiers na Pama, ambao watafutaji wa nasaba Afrika Kusini wanautumia mpaka leo, babu huyo ni a, watoto wake ni b, wajukuu ni c. Ukikuta mtu ameandikwa b3c5d2, ujue ni mtoto wa pili wa mtoto wa tano wa mtoto wa tatu wa yule babu. Mfumo mtamu kabisa. Ila binti akiolewa, wanawe wanahamia ukurasa wa ukoo wa mume, na bibi aliyewazaa akina b wote hana herufi yake.

Akina Saayman ni mfano mzuri. Babu yao, Daniel Zaaijman (ndivyo jina la Saayman lilivyoandikwa zamani), alikuwa Mholanzi wa Vlissingen, fundi mapipa kisiwani Morisi enzi ambazo kisiwa kilikuwa chini ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, VOC. Ukihesabu kwa herufi, habari inaanzia hapo. Anayeivuruga hesabu ni mkewe, Pieternella van Meerhof. Baba yake alikuwa tabibu wa Kampuni, mzaliwa wa Copenhagen. Mama yake alikuwa Krotoa, Mkhoikhoi, yaani wa jamii ya wenyeji wa Rasi kabla ya Wazungu, mpwa wa Autshumato, kiongozi wa Wakhoikhoi.

Krotoa alichukuliwa akiwa bado mtoto kwenda kukaa nyumbani kwa Jan van Riebeeck, mkuu wa kituo cha Kampuni, aliyetia nanga Rasi ya Tumaini Jema Aprili 1652. Akajifunza Kiholanzi, akawa mkalimani, akabatizwa kwa jina la Eva mwaka 1662, na miaka miwili baadaye akaolewa na yule tabibu. Mumewe akauawa Madagaska katika safari ya kununua watumwa. Mjane akaangukia ulevi, akanyang'anywa watoto, akapelekwa kisiwa cha Robben. Alipofariki Julai 1674, karani wa Kampuni aliandika kwamba alikuwa kama mbwa anayeyarudia matapishi yake. Maneno ya kitabu cha Mithali hayo. Siku iliyofuata wakamzika Kikristo, ndani ya Ngome ya Kampuni.

Sasa, kuna faida gani kuyafukua haya?

Wanaoona faida wana hoja nzito. Sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi ilijengwa juu ya dhana kwamba Mzungu anajulikana kwa kumtazama tu na kwa jinsi jamii inavyomkubali. Vitabu vya ubatizo, ndoa na mirathi vinasema mengine. Mwaka 1971, enzi za ubaguzi, mtafiti wa nasaba J.A. Heese alipitia kumbukumbu hizo akakadiria kwamba karibu asilimia 7 ya asili ya Makaburu haikutoka Ulaya. Mwaka 2020 vinasaba vya Makaburu 77 vilipopimwa, ikapatikana asilimia 4.7. Kumbe daftari la mkoloni lenyewe linatoa ushahidi dhidi ya sheria ya wajukuu zake. Na hizo nyaraka si za Wazungu peke yao: mtu wa jamii ya Machotara wa Cape naye anaweza kumkuta bibi yake humo.

Upande wa pili hauko mtupu. Kwanza, kalamu ilikuwa ya Kampuni. Krotoa tunamsikia kupitia mkono wa waliomtumia, kisha wakamtukana. Pili, na hili ndilo linalonikera, siku hizi bibi Mkhoikhoi amekuwa kama hati ya uenyeji. Mtu anamgundua, halafu anatangaza kwamba naye ni mwenyeji kama wengine, kwa hiyo mjadala wa nani mwenye ardhi ufungwe. Tufanye hesabu kidogo: ukirudi nyuma vizazi 11, kila mmoja wetu ana nafasi 2,048 za mababu na mabibi. Krotoa anajaza moja, au chache ikiwa ndugu walioana. Bibi mmoja kati ya elfu mbili ni habari ya kweli, lakini shamba halipimwi kwa habari hiyo.

Sisi wa pwani tusicheke. Tunazo shajara zetu za nasaba zinazopanda hadi Shirazi au Hadhramaut, mwanamume juu ya mwanamume, na mama wa Kimijikenda au wa Kizaramo haonekani popote. Ugonjwa ni uleule.

Mimi naona kazi hii iendelee, ila ianze na mama, na tafsiri yake isiachiwe wazao wenye mali peke yao. Mtafutaji akishaandika Daniel wa Vlissingen, aulize Pieternella alifikaje Morisi. Jibu liko kwenye kumbukumbu hizohizo: alisafirishwa mwaka 1677, yatima, miaka mitatu baada ya mama yake kuzikwa, chini ya mlezi asiye wa ukoo wake. Huko akaolewa, akazaa, na baadaye wakarudi Rasini, kabla Waholanzi hawajakihama kisiwa mwaka 1710.

Katika orodha ya watoto wake, ukipita Catharina, Magdalena na Maria, yumo binti mwingine. Mfumo unampa herufi b na nambari yake, kisha unamwacha mara tu anapoolewa. Pieternella alimwita Eva.