Hayakuwa Mate, Yalikuwa Ukungu

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kuwatangazia kwamba nilijaribu kuzima jiko la gesi kwa mate, naomba kusahihisha: yalikuwa maji safi, ndani ya chupa ya kupulizia niliyoazima kwa kinyozi.

Jumapili nilikuwa nikimweleza mama mkwe jinsi ukungu wa maji unavyozima moto katika vyumba vya injini vya meli: matone yake, ambayo hayafiki hata milimita 1, hunyonya joto upesi na kugeuka mvuke unaotanuka takriban mara 1,700, ukaisukuma hewa mbali na mwali. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, akasema, "Mwanangu, wali hauivi kwa maneno." Nikaona nimechokozwa.

Niliwasha jiko, nikapunguza moto, nikapulizia. Mwali wa buluu ukageuka rangi ya chungwa (ni chumvi iliyomo majini, si uchawi, shemeji aache uzushi), ukayumba, ukazimika. Nikapigiwa makofi.

Hapo, ndugu zangu mnaonifuatilia, ndipo nilipopaswa kufunga mtungi, kwa sababu ukungu huzima mwali tu, nayo gesi huendelea kutoka bila habari kwamba moto haupo, na gesi ya mitungi, kwa uzito wake kuliko hewa, hutambaa chini kimyakimya. Mimi niliinama kupokea makofi. Niliinama taratibu, mkono kifuani; nikasikia "ssss", nikadhani ni chupa inayovuja; nikanusa harufu ya yai viza, nikamtazama mwanangu mdogo kwa jicho la lawama. Kisha nikaomba kiberiti ili nirudie onyesho. Niliiona njiti ikishika moto, nikauona mwanga wa buluu ukitandazika juu ya meza kama kitenge kinachokung'utwa, ukanijia usoni bila haraka yoyote, na "bufu!", ukaondoka na nyusi zote mbili pamoja na ndevu nilizozilea miezi minne. Chupa ya ukungu ilikuwa bado mkononi mwangu. Sikuikumbuka.

Mama mkwe alifunga mtungi, akafungua madirisha, akarudi kwenye mchele wake. Hakuna mwingine aliyeungua, nami nilipakwa dawa. Nyusi mnazoziona sasa ni za wanja, kachora mke wangu, na ya kushoto imepanda mno, kiasi kwamba leo kazini mkuu wetu ameisoma bajeti nzima upya, akidhani napinga kila mstari.