Filamu za Ngono Kwenye Habari za Biashara: Nani Anakagua Hesabu?

Novemba 2003, kipindi cha 60 Minutes cha kituo cha CBS nchini Marekani kilirusha taarifa ya Steve Kroft kuhusu fedha za filamu za ngono. Watazamaji waliambiwa kwamba Wamarekani wanatumia kama dola bilioni 10 kwa mwaka kwa burudani hiyo, na kwamba kampuni kubwa za kebo na za hoteli, zenye majina ya heshima, nazo zinavuna humo. Mwaka 2009 CNBC, kituo cha habari za masoko ya hisa, nacho kikaipa biashara hiyo kipindi kizima.

Wanaotetea uandishi wa namna hii wana hoja nzito. Habari ikiishia kwenye aibu, anayeonekana ni mwigizaji peke yake, na aliye nyuma ya pazia akihesabu noti hatajwi kabisa. Ukifuata fedha ndipo unapokutana na benki, kampuni za kadi, wenye hisa. Tena vituo vyenyewe si watazamaji tu. Comcast, kampuni iliyouza filamu hizo kupitia kebo zake, ilichukua udhibiti wa mtandao wa televisheni wa NBC, na CNBC pamoja nayo, mwaka 2011. Mtazamaji ana haki ya kujua mambo kama hayo.

Wanaopinga wanasema kamera ikishaingia kwenye maonesho ya tasnia hiyo yanayofanyika kila mwaka kule Las Vegas na kumhoji mkurugenzi aliyevaa suti, taarifa hugeuka tangazo la bure. Nakubaliana nao kwa sehemu, ila kinachonikera zaidi ni tarakimu. Zile bilioni 10 zilikuwa zimeshatiliwa shaka miaka miwili kabla ya taarifa ya Kroft. Mwaka 2001 Dan Ackman wa jarida la biashara la Forbes alizifuatilia, akakosa msingi wa kuaminika, na makadirio yake mwenyewe yakaangukia kati ya dola bilioni 2.6 na 3.9. Sehemu ya takwimu zilizokuwa zikisambaa ilitoka kwenye jarida la tasnia yenyewe, Adult Video News. Mwandishi wa habari za benki hathubutu kutangaza faida aliyotajiwa mdomoni na meneja. Kwa nini hapa ikubalike?

Leo kisingizio cha kukosa takwimu kimepungua. Kampuni inayoendesha OnlyFans, tovuti ambako watu huuza picha na video zao, nyingi za ngono, moja kwa moja kwa wateja, imesajiliwa Uingereza, na hesabu zake huwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Katika mwaka wa fedha ulioishia Novemba 2023, wateja walilipa dola bilioni 6.63. Kampuni hukata asilimia 20. Zinazobaki, kama bilioni 5.3, zigawe kwa akaunti zaidi ya milioni 4 za wanaouza maudhui: unapata karibu dola 1,300 kwa akaunti, kwa mwaka mzima, kabla ya kodi. Huo ni wastani, na kwa kuwa wachache wanazoa mamilioni, walio wengi wako chini yake kwa mbali. Mwaka huo huo mmiliki, Leonid Radvinsky, alichukua gawio la zaidi ya dola milioni 470. Msichana anayeletwa studio kueleza alivyonunua nyumba huenda anasema kweli tupu, lakini taarifa inayomwonyesha yeye bila kugusa mgawanyo huo inawadanganya mabinti wanaoitazama wakipiga hesabu za maisha yao.

Kufuata fedha nako kuna gharama zake. Desemba 2020 Nicholas Kristof wa New York Times aliandika kuhusu video za watoto na za ubakaji zilizokutwa Pornhub, tovuti kubwa ya video za ngono. Ndani ya siku chache Visa na Mastercard zilisitisha malipo, na tovuti ikaondoa mamilioni ya video ambazo waliozipakia hawakuwa wamethibitishwa. Lawama za miaka hazikuwa zimefanya hivyo. Ila waigizaji watu wazima, waliofanya kazi kwa hiari na kisheria, walijikuta njia yao ya kulipwa imekatwa, na sauti zao zilisikika kidogo mno. Kwangu hatua ile ilistahili, na wao walistahili kuhojiwa kwa uzito ule ule.

Kesi ya GirlsDoPorn, tovuti ya Marekani iliyouza video za ngono, ndiyo inayonifanya niendelee kuitaka kamera ibaki kwenye vitabu vya fedha. Wanawake walihakikishiwa kwamba video zao hazitawekwa mtandaoni. Zikawekwa. Januari 2020 jaji wa San Diego aliwapa 22 kati yao fidia ya karibu dola milioni 13. Desemba 2023 Aylo, kampuni inayomiliki Pornhub, ilikiri mbele ya waendesha mashtaka wa serikali kuu kwamba ilipokea fedha zilizotokana na usafirishaji haramu wa watu kwa ajili ya ngono uliofanywa na waendeshaji wa GirlsDoPorn. Ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.8, kuwafidia waathiriwa, na kuwekewa msimamizi huru kwa miaka mitatu. Vyumba vya habari vilivyopata muda wa kurusha maonesho ya Las Vegas vinaweza kupata muda wa kuuliza msimamizi huyo amekuta nini, na fidia imewafikia wanawake wangapi.